Maneno Mgongoni: Kanga ya Kibiti na Nguo Zilizoandikwa za Mataifa Mengine

Pale Nyamisati, bandari ndogo inayowavusha watu kwenda Mafia, abiria hushuka kuelekea kwenye boti mmoja nyuma ya mwingine, na aliye nyuma hakosi cha kusoma. Mbele yake ni migongo ya wanawake, na kila mgongo umebeba mstari wa herufi kubwa. Mmoja unasema HASIDI HANA SABABU. Mwingine unasema SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, kauli inayozidi uzito mbele ya maji ya delta ya Rufiji. Mvaaji haoni maneno yake. Ameyachagua dukani, ameyalipia, ameyatupia mabegani, kisha ameyapa kisogo. Yanamfikia anayemfuata.

Kuvaa maandishi ni desturi ya mataifa mengi. Makhalifa wa Baghdad na Cairo waliyavaa na kuwavisha wengine. Wazima moto wa Edo waliyavaa kazini. Watoto wa masultani wa Kituruki waliyavaa kujikinga. Mbunifu wa London aliyavaa mbele ya Waziri Mkuu. Kila jamii ilijibu kwa namna yake maswali matatu: herufi zikae sehemu gani ya mwili, zisomwe na nani, na nani abebe dhamana ya kinachosemwa. Makala haya yanaiweka kanga ya Kibiti na delta ya Rufiji kando ya nguo hizo, si kwa kutafuta mshindi, bali kwa kutaka kujua wanawake wa pwani hii walijibu nini ambacho wengine hawakujibu.

Kibiti si mji wa viwanda vya nguo. Ni mji wa barabara ya Kilwa, kilometa 130 hivi kusini mwa Dar es Salaam, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Mashariki yake mto Rufiji unagawanyika katika mikono mingi na kuingia kwenye msitu wa mikoko wenye hekta zaidi ya 50,000, ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Wandengereko na Wanyagatwa wa huku ni watu wa mpunga, wa samaki na wa mikeka. Kanga kwao ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo: mama anayelinda mpunga juu ya dungu huifanya shuka usiku, mbeleko asubuhi, ngata anapobeba ndoo, na mtandio mgeni anapobisha hodi. Katika kazi zote hizo maandishi yamo, yakikunjwa, yakikunjuka, yakilowa na kukauka.

Tuitazame doti moja ikiwa bado haijakatwa. Ni pande mbili zinazofanana, zimeungana kwa utepe mtupu ambao fundi atakata kisha apinde kingo. Kila upande una urefu wa meta moja na nusu hivi na kimo cha zaidi ya meta moja. Pindo linauzunguka mji, yaani uwanja wa katikati, pande zote nne, na ndani ya mji, karibu na pindo la chini, limekaa jina, yaani maneno ya kanga. Ni mstari mmoja, katikati, herufi kubwa tupu, nene, zisizo na vijimkia wala madoido, mara nyingine zimefungiwa ndani ya kisanduku. Maneno yakiwa machache, mchoraji huzitanua herufi zijaze nafasi. Yakiwa mengi, huzibana hadi maneno mawili yagandane, na msomaji ayatenganishe mwenyewe. Nukta ni adimu, alama ya kuuliza ni adimu zaidi. Unene huo wa herufi una sababu ya kiufundi: rangi huenea kidogo kwenye nyuzi za pamba, na herufi yenye ncha nyembamba ingezibika.

Yapo maandishi mengine kwenye doti hiyo, lakini ni madogo na yamejificha ukingoni: alama ya kiwanda au ya mfanyabiashara, pamoja na namba ya mchoro. Iliyo maarufu kuliko zote ni Mali ya Abdulla, ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887. Hapa pana jambo la kulishika mapema. Maandishi yenye mwenyewe ndiyo madogo, na yako pembeni. Maandishi makubwa, yanayosomeka toka upande wa pili wa barabara, hayana saini ya mtu.

Tirazi ilikuwa kinyume kabisa. Hilo ndilo jina la ukanda wa maandishi uliofumwa au kutariziwa kwenye nguo za dola za Kiislamu, tangu zama za Bani Umayya, kisha chini ya Bani Abbasi na Wafatimi wa Misri. Nguo zenyewe zilikuwa kitani cha Misri, hariri, au pamba ya Yemen iliyopakwa herufi za dhahabu. Viwanda vya dola viliitwa dar al-tiraz, na miji ya Delta ya Nile kama Tinnis na Damietta ilisifika kwa kazi hiyo. Ukanda ulianza kwa jina la Mungu, ukafuatia jina la khalifa na dua ya kumtakia umri mrefu, na mara nyingi jina la waziri, mji na mwaka. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliihesabu tirazi miongoni mwa alama za ufalme. Kulifuta jina la mtawala kwenye tirazi kulikuwa sawa na kuacha kulitaja katika hotuba ya Ijumaa au kuliondoa kwenye sarafu: uasi ulio wazi.

Ukanda huo ulikaa zaidi juu ya mkono, mahali panapoonekana mtu akiwa amesimama barazani mbele ya wenziwe. Msomaji wake alikuwa mtumishi mwenzake, mgeni wa dola, au mpinzani. Aliyevaa hakuchagua maneno; alivishwa. Joho la heshima lilishuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na herufi zilitangaza ni nani aliyelitoa. Kanga, kwa upande wake, hutoka dukani kwa hiari ya mnunuzi, au hutolewa na mume, shoga, binti, wifi. Katika tirazi jina la mtu ndilo ujumbe wenyewe. Katika kanga ujumbe upo na jina la mtu halipo.

Uzuri wa herufi nao ulifuata njia mbili. Mafundi wa tirazi walitumia mwandiko wa Kikufi wenye shingo ndefu, wakazichanua ncha zake kama majani, wakazisuka. Katika zama za mwisho za Wafatimi ukanda ulizidi kupanuka na maneno yalizidi kurudiwarudiwa, mpaka mengine hayakusomeka tena. Ilitosha kwamba yanafanana na maandishi ya mfalme. Joho alilotengenezewa mfalme Roger II wa Sicily huko Palermo mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 hadi 1134, lina ukingo wa Kikufi cha dhahabu ingawa mwenye joho alikuwa Mkristo. Baadaye wafalme wa Kijerumani walilivaa siku ya kutawazwa, na leo limehifadhiwa Vienna. Herufi zilidumu na fahari yake mbele ya watu wasiojua kuzisoma. Kanga haiwezi kufanya hivyo. Isiposomeka, inabaki kitambaa chenye maua.

Hata hivyo pwani yetu inaujua vizuri mtindo wa jina la mtawala kuzunguka mikononi mwa raia. Masultani wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa delta, walipiga sarafu zenye majina yao, na sarafu hizo zimeokotwa pia Mafia, mkabala wa midomo ya Rufiji. Na msimu wa uchaguzi ukifika, kanga yenyewe huingia katika mtindo huo. Kanga za kampeni hugawiwa bure zikiwa na rangi za chama, sura ya mgombea na jina lake. Mama wa Kibiti aliyeivaa amevishwa kama alivyovishwa mtumishi wa khalifa: maneno si yake, na kila mtu anajua ni ya nani. Kanga hizi na zile za kununua huvaliwa kwa kazi tofauti. Uchaguzi ukipita, nyingi hushuka daraja na kuwa kanga za shamba na za jikoni. Doti ya harusi hutunzwa sandukuni.

Tuvuke bahari hadi Japani ya zama za Edo. Mwaka 1720 wazima moto wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, walipangwa upya katika vikosi, na kila kikosi kikapewa herufi moja ya silabi za Kijapani kuwa jina lake. Herufi nne zilirukwa kwa sababu zilikuwa na matamshi mabaya au ya kuchekesha. Mojawapo, hi, ilitamkwa sawa na neno lenye maana ya moto, nalo si jina la kumpa anayekwenda kuuzima. Badala yake ziliwekwa alama nyingine, tatu zikiwa mia, elfu na elfu kumi. Herufi ya kikosi iliandikwa kubwa mgongoni mwa koti fupi liitwalo hanten. Mafundi seremala na wafanyakazi wa maduka nao walivaa hanten zenye alama ya bwana wao mgongoni na jina la duka kwenye ukosi.

Hapa mgongo wa Edo na mgongo wa Nyamisati inakaribiana. Kote kuwili herufi ni nene, zimepangwa kusomwa kwa mbali, na msomaji yuko nyuma. Lakini hanten ilisema huyu ni wa kundi gani, ilhali kanga haisemi aliyeivaa ni nani. Herufi ya hanten ilikuwa ya lazima katikati ya moshi na vurugu, mtu akitafuta wenzake. Kisha kulikuwa na upande wa ndani. Koti zito la mzima moto liliweza kugeuzwa, na moto ulipokwisha wengi waliligeuza ili ionekane picha ya joka au ya shujaa iliyofichwa ndani. Kwa Wajapani hao neno lilikuwa la kazi, na picha ilikuwa ya sherehe.

Kibiti inapofanya sherehe hufanya kinyume chake: ndipo neno linapopanda cheo. Siku ya kumtoa mwali, au siku ya harusi, kina mama wa ukoo hununua sare, doti za mchoro mmoja na jina moja. Ngoma ikianza, mstari uleule unazunguka uwanjani kwenye migongo ishirini au thelathini. Kwa siku hiyo kanga hukaribia hanten: inaonyesha nani ni wa upande wa bibi harusi na nani ni wa upande wa bwana. Lakini hata hapo ukoo haujaandikwa jina. Kinachosomeka ni kauli kama NANI KAMA MAMA, na mgeni akitaka kujua ni mama yupi, itabidi aulize.

Zipo pia herufi zilizofanywa zisisomwe na mtu yeyote. Katika dola ya Kituruki, ya Uajemi na ya India zilishonwa kanzu za hirizi, zilizojazwa aya, majina matukufu na majedwali ya namba kwa mwandiko mdogo mno. Moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya Cem, mwana wa Sultan Mehmed II, ilianzwa mwaka 1477 ikamalizika 1480. Kanzu kama hiyo ilivaliwa ndani, ikigusa ngozi. Msomaji wake alikuwa Mungu, na kazi yake ilikuwa kinga. Ubora wa herufi ulitokana na usahihi na subira ya mwandishi, wala haukuhitaji macho ya watu.

Watu wa Rufiji wanaielewa imani hiyo bila shida, ila wao waliipa njia nyingine. Katika pwani nzima aya za kinga huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na maji, na maji hayo, ndiyo kombe, yakanywewa. Hirizi nayo hushonewa ndani ya ngozi au kitambaa, isifunguliwe. Herufi ya kukinga huku huingia mwilini au hufungwa. Haitandazwi juu ya nguo. Na Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji, alipowaahidi watu kinga dhidi ya risasi za Wajerumani, kinga yenyewe ilikuwa maji matupu, bila herufi hata moja. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ya Maji Maji ilikuwa imekwisha kuwaka katika vilima vya Umatumbi siku chache kabla, kwa kung'oa miche ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima. Nchi hii, basi, iliikataa pamba ya amri shambani, lakini pamba iliyokuja na maneno ikaipokea kwa mikono miwili. Tofauti ni kwamba hii ya pili ilikuwa ya hiari.

Magharibi mwa Afrika kuna jibu jingine lenye heshima kubwa: kusema kwa nguo bila kutumia abjadi. Waakan wa Ghana hugonga alama za adinkra juu ya kitambaa kwa mihuri ya kibuyu, wakitumia wino unaopikwa kutokana na magome ya mti. Kitambaa cha zamani zaidi chenye tarehe inayojulikana, kilichochukuliwa na Mwingereza Bowdich mwaka 1817, kiko katika jumba la makumbusho la British Museum. Kila alama ina jina, na nyuma ya jina kuna methali. Delta ya Rufiji nayo ilikuwa na magome yenye rangi, ya mkandaa na mikoko mingine, lakini wakati wa Wajerumani yalipakiwa melini kwenda Ulaya kutengenezea ngozi. Adinkra humtaka msomaji aliyefunzwa: asiyeijua alama huiona kama pambo. Kanga humtaka msomaji aliyekwenda shule, au mwenye mtoto wa kumsomea. Elimu zinazotakiwa ni mbili tofauti, na hakuna sababu ya kuiita moja kubwa na nyingine ndogo.

Kati ya adinkra na kanga umesimama wax, kitenge cha Kongo na Afrika Magharibi, ambacho nyumba ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, imekipa umaarufu. Wax ina majina makali kama kanga. Mojawapo huitwa Jicho la Mke Mwenza, na hakuna mke mwenza asiyejua maana yake. Lakini jina hilo halimo kwenye kitambaa. Hutungwa na wauzaji, husambaa sokoni mdomo kwa mdomo, na mchoro mmoja huweza kuwa na jina hili Lomé na jingine Kinshasa. Kitenge kinaacha jina mdomoni mwa watu, kanga inalichapa. Faida ya njia ya kitenge ni uhuru, kwani jina hukua na mji. Faida ya njia ya kanga ni uthabiti, kwani doti ya bibi ikitolewa sandukuni baada ya miaka arobaini bado inasema neno lilelile, hata kama muuzaji, mnunuzi na aliyesemwa wote wametangulia mbele ya haki.

Tukija London ya mwaka 1984 tunakuta herufi zimehamia kifuani. Mbunifu Katharine Hamnett alialikwa pamoja na wabunifu wenzake kwa Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Alipofika mbele yake alifunua koti, na ndani mlikuwa na fulana kubwa nyeupe yenye herufi nyeusi za kuvuka kifua kizima: asilimia 58 ya watu hawayataki makombora ya Pershing. Herufi hizo ni binamu wa herufi za kanga kwa sura: kubwa, nene, hazina pambo, zimetengenezwa zisomwe upesi. Kwa adabu, ni za ukoo mwingine kabisa. Fulana husema ana kwa ana. Mvaaji yuko nyuma ya neno lake, anamtazama anayelisoma, na anakubali kuulizwa. Ujasiri wake ni wa kuonekana.

Ujasiri wa kanga ni wa kutoshikika. Chukua jirani wawili wa Kibiti waliokosana kwa mambo ya uani. Mmoja anatoka kwenda kisimani na NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mwenzake akimkabili, jibu liko tayari: "Shoga, mimi nimevaa kanga yangu. Wewe umejiona wapi humo?" Kweli, hajaona jina lake humo. Maneno yametoka kiwandani, yamechapwa kwa maelfu, yanavaliwa Tanga na Lamu kwa wakati huohuo. Mtafiti Rose Marie Beck, katika makala aliyoyatoa mwaka 2001, aliueleza utata huu kuwa ndio moyo wa mawasiliano ya kanga: jambo limesemwa, na hakuna aliyelisema. Niongeze kwamba sura ya herufi inashiriki katika hila hiyo. Mwandiko wa mkono ungemfichua mtu. Herufi za pambo zingeonyesha kwamba mchoraji ametilia mkazo. Herufi kubwa kavu za kanga, zisizo na hasira wala tabasamu, ni uso usioonyesha lolote. Sauti inatiwa na mvaaji.

Anaitia kwa mikono yake. Akitaka jina lisomeke, huweka katikati ya kanga sawasawa na uti wa mgongo, akahakikisha haiko juu chini. Akitaka linong'one, hulikunjia ndani au huliacha limezwe na mkunjo wa kiuno, likabaki neno moja au mawili ambayo mwenye shaka atayakamilisha mwenyewe. Akitaka linyamaze, huigeuza kanga ndani nje. Kazi ya kupanga herufi, ambayo kwenye tirazi ilimalizwa na fundi na kwenye fulana ilimalizwa na mbunifu, kwenye kanga humalizwa kila asubuhi mbele ya kioo. Kama kuna ubunifu wa maandishi katika nguo hii, nusu yake iko kiwandani na nusu iko hapo.

Herufi zenyewe zimebadilika pamoja na nchi. Kanga za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati ileile ya tirazi, ila kwa maneno ya uani badala ya maneno ya kasri. Hati ya Kilatini ikaja na shule za wakoloni na mwishowe ikatwaa nafasi yote. Uchapaji nao ulizunguka dunia: Uingereza, Uholanzi, India, Japani, kisha nyumbani, kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kiwanda cha KTM kilijengwa Mbagala, na Mbagala ndiko basi la Kibiti linakopita likielekea kusini. Hivyo doti inayotundikwa sokoni Kibiti huenda imechapwa kando ya barabara hiyohiyo, au huenda imetoka India au China, ambako aliyeandaa herufi hajui Kiswahili. Hapo ndipo makosa ya tahajia huzaliwa, na wavaaji huyasamehe zaidi kuliko wahariri.

Yapo maandishi ya nguo ambayo kutosomeka kwake si kosa. Bengkulu, katika kisiwa cha Sumatra, hutengenezwa batiki ya besurek, ambayo michoro yake ni mikondo ya hati ya Kiarabu ambayo mara nyingi haiundi neno lolote. Mvaaji huheshimu umbo la hati yenyewe. Katika mitumba ya Kibiti kuna jambo linalofanana nalo kwa sura tu. Fulana yenye jina la timu ya shule ya Marekani huvaliwa na mvuvi wa Mbwera, ambaye ameipenda kwa rangi na bei. Besurek iliachana na maana kwa makusudi na kwa ibada. Fulana ya mtumba ilipotezana nayo njiani.

Na kuna kanga iliyohama mwilini kabisa. Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mshindi wa tuzo ya Turner ya mwaka 2017, amechora picha nyingi kwa muundo wa kanga, zenye pindo, mji na mstari wa maneno. Zinatundikwa ukutani, na mtazamaji asiyemjua yeyote husimama mbele yake akasoma. Herufi hapo zimepata utulivu ambao barabara ya Nyamisati haiwezi kuzipa. Kilichoachwa ni mgongo, na pamoja nao yule jirani anayejiuliza kama ni yeye.

Ndugu wa karibu kuliko wote yuko ng'ambo ya mlango wa Msumbiji. Lambahoany ya Madagaska ni kitambaa cha pamba kilichochapwa, chenye pindo, picha katikati, na methali ya Kimalagasi kwenye mstari mmoja. Ukiiweka juu ya kanga utadhani ni mapacha. Tofauti ni ya mkazo: lambahoany hupenda picha, ya mashamba, ng'ombe, jahazi au watu kazini, na methali huisindikiza picha hiyo. Katika kanga nyingi mchoro na maneno havina uhusiano wowote. Korosho na maua huweza kukaa juu ya kijembe kikali. Wateja wa Kibiti wanalijua hilo, ndiyo maana mnunuzi makini huipenda rangi kwanza kisha huomba akunjuliwe doti asome. Mchoro ukiwa mzuri na jina likiwa baya, doti hurudi rafuni.

Tukizikusanya nguo hizi pamoja, tirazi iliweka jina la mkubwa mkononi mwa mdogo, hanten iliweka kundi mgongoni mwa mtu, kanzu ya hirizi iliweka sala kwenye ngozi, adinkra na wax ziliacha methali ikae kwenye alama na midomoni mwa watu, fulana ya London iliweka msimamo wa raia kifuani pake. Zote zina mwenye neno anayejulikana: mfalme, bwana wa duka, Mungu, wazee, soko, au mvaaji mwenyewe. Kanga ya pwani imefanya ambacho nguo hizo hazikufanya. Imelichukua neno lisilo na mwenyewe, ikaliandika kwa herufi zisizo na tabia, na ikawaachia wanawake wawili wanaojuana wamalize mambo yao.

Kwa hiyo wabunifu wa mavazi wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao siku hizi huikata kanga kushona magauni, mikoba na makoti, wana haki ya kuitumia wapendavyo, kwa kuwa nguo hii haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Lakini mkasi unapopita katikati ya jina, ukaacha HASI begani na DI kwapani, wajue wanachokitoa: wanaihamisha kanga kutoka kwenye usemi kwenda kwenye pambo, kama ilivyopata tirazi katika uzee wake. Nao wenye viwanda wafanye jambo moja rahisi na la gharama ndogo. Kabla mashine haijaanza kuzunguka, mstari ule usomwe na mwanamke mmoja wa Kibiti, au wa Tanga, au wa Mafia, aseme kama tahajia iko sawa na kama neno lina makali. Mchoro wa kanga hupitiwa na watu wengi kabla ya kuchapwa. Maneno yake yanastahili angalau mhariri mmoja.